Nyumba ya Kisasa kwa Mshahara Mdogo: Anza Kidogo, Umalize



Katika mikutano yetu ya matawi, viwandani na mashambani, kuna swali moja ambalo haliandikwi kwenye ajenda lakini haliachi kuulizwa. Mkutano ukishafungwa na watu wakianza kutawanyika, ndugu mmoja hunivuta kando na kuniuliza: "Katibu, na sisi wa mshahara huu, tutajenga lini?" Leo nataka kulijibu swali hilo mbele ya wote. Mimi si mhandisi. Niliishia darasa la saba. Haya ninayoyaeleza nimeyajua kwa kuuliza mafundi, kwa kusoma vijitabu, na zaidi kwa kukosea mimi mwenyewe.

KWA NINI CHAMA KIZUNGUMZE HABARI ZA NYUMBA

Wengi wetu hapa Uganda tunakaa katika nyumba za kampuni. Tumetoka West Nile, Acholi, Ankole na Busoga, wengine Rwanda na Kongo, tukakutana kambini, na ndiyo maana tunaelewana kwa Kiswahili. Nyumba ya kambini ina faida: hulipi kodi kubwa, na kazi iko karibu. Lakini ina kasoro moja: hiyo ni nyumba ya kazi. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo imekwisha.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa boila katika shamba la miwa alistaafu baada ya kazi ya miaka 26. Alipewa siku 30 kuhama. Chama kilimtafutia lori, nami nikamsindikiza mpaka kwao. Tulipofika nikaona nyumba aliyokuwa akituhadithia miaka yote: kuta za vyumba saba, zimefika kwenye madirisha, hazina paa. Mvua ilikuwa imekula matofali ya juu, na katikati ya chumba kilichokusudiwa kuwa sebule ulikuwa umeota mpapai wenye matunda. Usiku ule mzee na mkewe walilala katika jiko la ndugu yake.

Nilirudi na aibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa na kuta kama zile. Zilikuwa za vyumba sita, za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo mtupu. Kila mwaka niliongeza mistari miwili, na kila masika yakabomoa mmoja.

Kosa letu, mimi na yule mzee, halikuwa uvivu wala ulevi. Tulipanga nyumba ya mkurugenzi kwa mshahara wa kibarua. Fedha tulizozika katika kuta zile zingetosha kabisa kumaliza vyumba viwili vyenye paa, mlango na sakafu. Hilo ndilo ninalotaka kila msomaji aondoke nalo leo: jenga kidogo, lakini umalize, kisha ongeza.

NYUMBA YA KISASA NI NINI

Watu wengi hudhani nyumba ya kisasa ni ile yenye vyumba vingi, nguzo za urembo na paa la migongo mingi. Sivyo. Nyumba ya kisasa ni ile ambayo sakafu yake haina unyevu, hewa inapita, mwanga unaingia, moshi wa jiko hauwafikii watoto, maji ya mvua yanakingwa, na choo kiko mahali panapofaa. Nyumba ya vyumba viwili yaweza kuwa na hayo yote. Nyumba ya vyumba kumi yaweza kukosa yote.

ANZA NA KARATASI, SI NA TOFALI

Kabla hujanunua hata msumari, hakikisha kiwanja ni chako. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: ardhi ya kimila, ardhi ya umiliki kamili, mailo, na ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu.

Wafanyakazi wengi wa sehemu za Buganda hununua kibanja. Fahamu unachonunua. Kibanja ni haki ya kukaa na kutumia ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, na kila mwaka unamlipa busuulu. Mwenye kibanja akitaka kuuza, sheria ya ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2010 inamtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na kutofanya hivyo ni kosa. Kwa hiyo usimpe muuzaji fedha kabla ya kumwona mwenye ardhi na kupata kibali chake kwa maandishi.

Popote unaponunua, fanya haya:

1. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uulize kama kuna hati, na ni ya nani.
2. Tembea mipaka yote pamoja na majirani na mwenyekiti wa LC1, mchana, si usiku.
3. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi. Ardhi ambayo familia inakaa au inapata riziki yake haiuzwi bila kibali cha mwenzi.
4. Andika jina la mwenzi wako pia katika mapatano. Ukifa kesho, asifukuzwe na jamaa zako.
5. Usinunue kinamasi, wala kiwanja kilicho ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Bei ni rahisi kwa sababu siku moja utaondolewa.

Ikiwa utajenga katika ardhi ya ukoo nyumbani kwenu, usidhani karatasi haina haja. Ipo hati ya umiliki wa kimila, nayo huzuia ugomvi baina ya ndugu. Tena uliza ofisi ya mji au ya kata habari za kibali cha kujenga, maana Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inakitaka.

RAMANI: VYUMBA VIWILI VINAVYOKUA

Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 7 kwa mita 4, yenye vyumba viwili. Kila chumba kitakuwa na ukubwa wa kama mita 3.3 kwa 3.7 ndani. Kimoja cha kulala, kimoja cha kukaa. Jiko liwe nje, mbali kidogo.

Elekeza upande mrefu wa nyumba kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Weka madirisha mawili kwa kila chumba, moja likabili jingine, ili hewa ipite. Katika ukuta mfupi ambako unafikiria kuongeza chumba baadaye, weka linta ya mlango tangu sasa, kisha uzibe nafasi yake kwa matofali. Siku ukipata nguvu utayatoa matofali hayo na kupata mlango, bila kuvunja ukuta. Nyumba ya namna hii hukua kama familia inavyokua.

Paa liwe la pande mbili tu, lenye mgongo mmoja. Paa la pande nne au lenye makona mengi hukata mabati ovyo na vipande hutupwa. Kwa upana wetu wa mita 4, bati moja la mita 3 linafika kutoka mgongoni mpaka ukingoni bila kuungwa. Bati moja hufunika upana wa kama sentimita 75, hivyo utahitaji mabati 11 kila upande, jumla 22. Kumbuka kuwa geji ikiwa na namba ndogo bati ni nene: geji 28 ni imara kuliko 30, na 30 kuliko 32. Heri mabati 22 mazito kuliko 40 mepesi yatakayochukuliwa na upepo.

TOFALI LIPI?

Matofali ya kuchoma yamezoeleka, lakini yanakula kuni nyingi, na sehemu nyingi miti imekwisha. Tena mengi yamepinda, na ukuta uliopinda hula simenti nyingi ya kuunganisha.

Njia nyingine ni matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo na kubanwa kwa mashine ya mkono. Mashine za namna hii zilianza Colombia miaka ya 1950. Yale yanayotumika sana Uganda yana ulimi na mfereji, kwa hiyo hukaana yenyewe na hayahitaji simenti nyingi katikati. Hayachomwi. Udongo unaochimba kwa ajili ya choo au tangi unaweza kuwa ukuta wa nyumba yako, mradi upime kwanza.

Kupima ni rahisi. Ondoa udongo mweusi wa juu wenye mizizi, uchukue ule wa chini. Tengeneza kisanduku cha ubao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Jaza udongo uliolowa, ushindilie, uanike mpaka ukauke kabisa. Kisha usukume udongo wote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya milimita 12, changanya ndoo 1 ya simenti na ndoo 18 za udongo. Ikiwa ni 12 hadi 24, ndoo 1 kwa 16. Ikiwa ni 24 hadi 36, ndoo 1 kwa 14. Ikizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi: ongeza mchanga, upime tena.

Matofali yakitoka mashineni yafunike kwa nyasi au nailoni na kuyamwagilia maji kwa siku 7, kisha yaache mpaka yatimize siku 28. Anayejenga na matofali ya siku tatu anajenga biskuti.

HESABU YA VITU

Sitataja bei, maana bei hubadilika kila mwezi. Idadi ya vitu haibadiliki. Chukua orodha hii dukani, uulize bei ya siku hiyo, uzidishe mwenyewe.

Kuta za nyumba yetu, kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango mitatu na madirisha manne na kuongeza pembetatu mbili za juu, ni kama mita 62 za mraba. Mita moja ya mraba hula matofali kama 38 ya ukubwa wa kawaida wa mashine. Weka na yatakayovunjika: matofali 2,500. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 hutoa kama matofali 90 hadi 100.

Mifuko ya simenti kwa nyumba nzima ni hii:

Zege la chini ya msingi: 9
Ukuta wa mawe wa msingi: 9
Matofali 2,500: 26
Kuunganisha matofali: 5
Mkanda wa zege wa juu: 4
Sakafu: 10
Jumla: mifuko 63

Ndugu, usiogope namba hiyo. Mifuko miwili kwa mwezi inakufikisha huko kwa miaka miwili na miezi minane. Sisi tumekaa kambini miaka 20.

Lakini sikiliza jambo hili. Simenti haiwekwi akiba. Mfuko ukikaa zaidi ya miezi mitatu, hasa mahali penye unyevu, nguvu yake inapungua na mwisho unakuwa jiwe. Kwa hiyo ukinunua mifuko miwili, ifyatue matofali mwezi huo huo. Matofali hayaozi, na ni vigumu kuyauza usiku mmoja kwa sababu ya harusi ya jirani. Mabati pia yanakaa, mradi yasigusane na maji.

MSINGI, MKANDA NA PAA

Mahali pa kubana matumizi ni katika ukubwa na urembo. Mahali pasipobanwa ni patatu: msingi, mkanda na paa.

Msingi: chimba upana wa sentimita 50 mpaka ufike udongo mgumu, wala usipungue kina cha sentimita 60. Mwaga zege la unene wa sentimita 15, kwa kipimo cha simenti 1, mchanga 3, kokoto 6. Inua ukuta wa mawe mpaka sentimita 30 juu ya ardhi, utandike nailoni nzito kabla ya kuweka tofali la kwanza, ili unyevu usipande.

Mkanda: juu ya milango na madirisha, zungusha zege lenye nondo nyumba nzima, kipimo cha 1, 2, 4. Mkanda huo hushika kuta zote pamoja kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Ndugu zetu wa mashamba ya chai upande wa Fort Portal wanajua maana yake. Tetemeko la 1966 na lile la 1994 yalibomoa nyumba nyingi sehemu za Toro. Ukuta usiofungwa hufunguka pembeni, na paa hushuka juu ya watu.

Paa: litoke nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, lilinde matofali. Paka mbao dawa ya mchwa. Funga kenchi kwenye mkanda kwa waya au vipande vya nondo, usizilaze tu. Weka mfereji ukingoni na tangi chini yake. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu linafunika kama mita 42 za mraba, hivyo mvua ya milimita 10 ni zaidi ya lita 400. Hata zikipotea 80, mama na watoto wamepumzika safari nyingi za kisimani.

Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, na kisiwe karibu na kisima kuliko mita 30.

FEDHA ZITATOKA WAPI

Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwenye ulemavu anaweza kuchukua hadi asilimia 50 akifika miaka 40.

Tufanye hesabu bila kujidanganya. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 huwekewa 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni 5,400,000, mbali na faida. Asilimia 20 yake ni 1,080,000. Fedha hizo hazijengi nyumba. Zikija mkononi mwa mtu asiye na mpango, zinakwisha kwa majuma mawili. Lakini zikimkuta mtu mwenye kiwanja na matofali 2,500 yaliyokauka, zinaweza kumwinulia nyumba kutoka chini. Mimi zilinikuta na kuta zangu zilizobomoka. Nilichagua vyumba viwili vilivyokuwa na msingi mzuri, nikavunja vingine vinne nikaokota matofali mazima, nikafunga mkanda, nikaezeka. Sasa nalala humo. Kama nawe una kuta kubwa zilizokwama, fanya hivyo hivyo, usione haya.

Mkopo wa mshahara ukae mbali na nyumba mpaka mwisho. Ukilazimika kukopa, kopa kwa ajili ya paa, na katika chama chetu cha akiba na mikopo. Usikope kwa kuchimba msingi.

FUNDI NA MAPATANO

Nunua vifaa mwenyewe, fundi umlipe kazi. Kabla ya kumwajiri, akuonyeshe nyumba mbili alizojenga, nawe uzungumze na wenyewe. Andikeni mapatano, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi. Lipa kwa hatua: msingi, kuta, mkanda, paa, sakafu. Usilipe hatua ambayo hujaiona kwa macho. Nasi wenyewe ni wafanyakazi: hatua ikikamilika, mlipe fundi siku hiyo hiyo. Usimfanyie lile tunalolalamikia ofisini.

KAZI YA CHAMA

Peke yako huwezi kununua mashine ya matofali. Watu 10 wanaweza, au wanaweza kuikodi. Wanne au watano wakishirikiana, kwa siku moja wanaweza kufyatua matofali kama 300. Wakifanya Jumapili mbili kwa kila mwanachama, kwa zamu, mwaka haujaisha kila mmoja ana rundo lake. Wanaodhani kazi hii ni ya wanaume tu waulize habari za Masese, huko Jinja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, wanawake wa mtaa ule walijifunza uashi na kutengeneza vifaa vya ujenzi, wakajenga nyumba zao.

Matawi yanaweza kuanza kwa mambo matatu: kuandikisha vikundi vya watu 10, kuhakikisha makato ya akiba yanafika kila mwezi, na kufuatilia kama mwajiri anapeleka ile asilimia 10 ya NSSF. Hilo la tatu ni haki yenu, si hisani.

Wako watakaosema kwamba chama kikianza kufundisha ujenzi kimesahau mshahara. La. Tutaendelea kudai mshahara, tena kwa sauti kubwa zaidi. Nimeongoza migomo, nimeona jinsi watu wanavyorudi nyuma siku ya tatu. Njaa haikuwarudisha. Lilipobandikwa tangazo kwamba atakayegoma atahama nyumba ya kambi, kila mmoja alitazama watoto wake. Mfanyakazi mwenye vyumba viwili vyake mahali fulani, hata kama viko mbali, hulisoma tangazo lile kwa macho mengine.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi huu nunua mifuko yako miwili.

Umoja ni nguvu.